Choki Peke Yake Haijengi Daraja

Leo tunataka kusema jambo ambalo walimu wengine hawatalipenda, na wazazi wengine watalikataa kabla ya kulisikia mpaka mwisho. Jambo lenyewe ni hili: shule zetu nyingi za ufundi katika mkoa wa Haut-Katanga, zile za misioni pamoja na zile za Serikali, zinafundisha uinjinia kwa maneno matupu; nazo zinaweza kuacha desturi hiyo kesho asubuhi, bila kungoja fedha kutoka Kinshasa wala sanduku kutoka Ulaya. Vinavyotakiwa ni mchanga, chupa tupu, kamba, misumari, vipande vya mbao na waya. Vyote vinapatikana Kambove. Kinachokosekana ni nia.

Tutasema kwa ukali kidogo, maana jambo hili linagusa uhai wa watu.

KASUKU DARASANI

Ingieni katika darasa la ufundi, popote mpendapo kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Mara nyingi mtaona hivi. Mwalimu anashika daftari lililochakaa, lile lile alilonakili yeye zamani alipokuwa mwanafunzi. Anaandika ubaoni kwa Kifaransa maana ya msuguano, maana ya mkazo, maana ya mkondo wa umeme. Wanafunzi hamsini wananakili kimya. Juma lijalo mwalimu atauliza, nao watamrudishia maneno yale yale, nukta kwa nukta, naye atawapa alama 8 juu ya 10. Kisha mwalimu na mwanafunzi watakwenda nyumbani, kila mmoja akiamini kwamba kazi imefanyika.

Imefanyika kazi gani? Mwulize kijana huyo mwenye alama 8 kwa nini fundi wa paa husimamisha mbao zake kwa ubavu badala ya kuzilaza. Mwulize kwa nini bati lina mikunjo. Mwulize kwa nini shimo lililosimama imara mwezi wa Agosti linaanguka mwezi wa Januari. Atanyamaza, au atakariri tena. Kasuku naye husema "karibu", lakini mgeni akiingia hajui kumpa kiti.

Wazee walinena: Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Sisi tumewajaza watoto wetu nta, kisha tunashangaa kwamba vinywa vyao havina utamu.

Hatumlaumu mwalimu peke yake. Mshahara wake ni mdogo, tena hukawia. Tangu Septemba 2019, Serikali ilipotangaza shule za msingi kuwa bila karo, watoto wamekuja kwa wingi, na hilo ni jambo jema, lakini madarasa yamejaa kupita kiasi. Tena yeye mwenyewe alifundishwa vivyo hivyo, naye hutoa alichopewa. Haya yote ni kweli. Walakini umaskini wa mwalimu hauwezi kuwa udhuru wa kila kitu, kwa sababu dawa tunayoitaja si ya bei. Bakuli la mchanga halidai mshahara.

KAMBOVE NA MASHIMO YAKE

Kwa nini tunataja Kambove? Kwa sababu mji huu, ulio mwendo mfupi kutoka Likasi, ulizaliwa kwa uinjinia na unaishi kwa uinjinia. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mukuba wa kwanza ulimiminwa Lubumbashi mwaka 1911. Na mwaka 1913 reli ilifika Kambove. Tangu siku hizo watoto wa hapa wamekua wakisikia baruti, wakiona magari ya moshi, wakipita chini ya nyaya za umeme unaotoka kwenye maporomoko ya mto Lufira. Mwaka 1967 Union Minière ilitwaliwa na Serikali, na kampuni iliyoirithi ikaja kuitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za mukuba kwa mwaka. Kufika mwaka 1994 zilikuwa zimebaki kiasi cha tani 30,000 tu. Baba wakakaa nyumbani bila mshahara, na wana wao wakachukua sururu na koleo.

Ndiyo maana leo, katika kila mtaa, kuna vijana wanaoshuka mashimoni kuchimba kwa mkono. Wengi wao waliwahi kukaa katika madarasa yale tuliyoyataja. Wengine wana hata vyeti. Waliandika maana ya msuguano katika daftari. Lakini walipoingia chini ya ardhi hawakutambua kwamba msuguano ndio unaoshika ukuta wa shimo usiwaangukie.

Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, kingo za mgodi ziliwaangukia wachimbaji wa mkono, na hesabu ya Serikali ya mkoa ilitaja watu 43 waliokufa. Tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando, katika mkoa wa Lualaba, watu wengi walikimbilia kwa hofu juu ya daraja la kubahatisha lililovuka mfereji uliojaa maji, nalo likaanguka. Watu wasiopungua 32 walipoteza maisha. Hayo ni yale yaliyofika katika magazeti. Yapo na mengine, ya mtu mmoja mmoja, yanayofika makaburini tu.

Hatusemi kwamba somo moja la shule lingewaokoa wote. Njaa ina sehemu yake. Wanaonunua mawe kwa bei ya dhuluma wana sehemu yao. Wanaofunga macho kwa kupewa kitu kidogo wana sehemu yao. Lakini shule nayo ina sehemu yake, na sehemu hiyo ndiyo iliyo mikononi mwetu.

BAKULI LA MCHANGA

Tutazame sasa somo ambalo lingeweza kutolewa katika kila darasa, kwa dakika arobaini.

Mwalimu alete mchanga mkavu. Mwanafunzi aumwage polepole juu ya meza, mahali pamoja. Mchanga utapanda kama kichuguu kidogo, kisha ukifika kiasi fulani utakataa kusimama zaidi. Kila konzi inayoongezwa inateremka. Mwanafunzi apime mteremko huo kwa kipimapembe chake cha shule. Atapata digrii kama 30 hadi 35. Amwage tena kilima kikubwa zaidi: pembe ni ile ile. Hapo mwulize: ni nani anayeweka mpaka huu? Ni msuguano kati ya punje na punje. Sasa lile neno la ubaoni limepata mwili.

Halafu anyunyize maji kidogo na kuchanganya. Ajabu! Mchanga unyevu unasimama wima kama ukuta. Hapa ndipo mtego wa mchimbaji ulipo. Anaona ukuta umesimama wima, anasema: "Ardhi hii ni ngumu." Lakini maji machache yale ndiyo yanayozishikanisha punje kwa muda tu. Yakikauka, ukuta unamomonyoka. Yakizidi, yanajaza nafasi zote kati ya punje, yanabeba sehemu ya uzito wao, punje hazibanani tena kwa nguvu, na msuguano unakwisha. Mwanafunzi na amimine kikombe cha maji nyuma ya ukuta wake mdogo, angoje. Utaanguka mbele ya macho yake, mara nyingi kwa ghafula, bila kupiga hodi.

Mwisho, atengeneze ukuta mwingine, na safari hii afukie ndani yake mirija michache ya kalamu kuukuu, yenye matundu, ili maji yapate njia ya kutoka. Ukuta huo utadumu zaidi. Basi kijana amejifunza kwa saa moja mambo matatu: mteremko una mpaka wake, mvua ni adui wa ukuta, na maji yakipewa njia huacha kudhuru. Anajua sasa kwa nini mgodi mkubwa wa wazi unakatwa kwa ngazi, na kwa nini kampuni zinalipa fedha nyingi kupiga pampu usiku na mchana. Na kama siku moja umaskini utamsukuma shimoni, atakuwa na sauti moja moyoni ya kumwambia mwezi wa Januari: "Leo usishuke."

Gharama ya somo hilo ni nini? Mchanga, maji, na mirija ya kalamu zilizokwisha wino.

MAMBO MENGINE YA BEI NDOGO

Mtu asidhani kwamba mchanga ndio mwisho. Tutaje mengine manne.

Kwanza, ubao. Chukua rula ya shule, ilaze juu ya matofali mawili, uikandamize katikati: inapinda. Isimamishe kwa ubavu, uikandamize tena: haitikisiki. Mbao ile ile, uzito ule ule! Hapo ndipo hesabu inapoingia kama rafiki. Ubao wenye upana wa sentimeta 20 na unene wa sentimeta 4, ukisimamishwa kwa ubavu, una nguvu mara 5 kuliko ukilazwa, na kupinda kwake kunapungua mara 25. Wangapi kati ya wanaotandika vivuko vya kubahatisha juu ya mifereji wanalijua jambo hilo?

Pili, kamba na misumari. Funga misumari mingi kwenye uzi kwa nafasi sawa, uuning'inize kwa ncha zake mbili. Uzi unachora umbo zuri, na kila sehemu yake inavutwa tu, haipindwi. Chora umbo hilo kwenye karatasi, kisha igeuze karatasi juu chini: umepata tao ambalo kila jiwe lake linabanwa tu, halipindwi. Hii ndiyo siri ya matao yanayosimama bila chuma. Antoni Gaudí, mjenzi Mkatoliki wa Barcelona, alitumia miaka mingi, mpaka mwaka 1908, akining'iniza kamba na vifuko vidogo vya risasi ili kupata umbo la kanisa la Colònia Güell. Hakuona haya kuchezea kamba.

Tatu, punje za mahindi katika soda. Tupa punje chache kavu ndani ya glasi ya soda nyeupe yenye mapovu mengi. Mapovu yanazishika na kuzipandisha. Yakipasuka juu, punje zinazama tena. Jambo hili linafanana na kazi ya kiwanda cha kuchenjua mawe. Mawe yanasagwa yakawa unga, yanachanganywa na maji, na dawa inatiwa ambayo inazifanya chembe zenye mukuba zikimbie maji na kushikamana na mapovu ya hewa. Povu linaelea likikusanya mukuba. Udongo usiofaa unabaki chini. Tena mjue hili: kwa mawe ya kijani ya Katanga, dawa iliyotumika kwa miaka mingi ilitoka katika mafuta ya mawese! Mafuta yale yale ya jikoni kwa mama. Mtoto mmoja mmoja wa Kambove amezaliwa karibu na kiwanda cha namna hiyo akakua bila kujua kinafanya nini.

Nne, gurudumu la maji. Kizibo kikubwa, vipande vya plastiki vilivyokatwa kutoka chupa, spoki ya baiskeli, na mota ndogo iliyotolewa katika redio mbovu. Mwagia maji kutoka juu, na taa ndogo itawaka. Inua chupa ya maji juu zaidi, taa itang'aa zaidi. Sasa mwanafunzi ataelewa kwa nini watu walikwenda kwenye maporomoko ya Lufira kujenga Mwadingusha mwaka 1930 na Koni mwaka 1950: walifuata kimo cha maji na wingi wake. Na umeme ukikatika usiku kwake, atauliza maswali yenye akili badala ya kulalamika tu gizani.

TUWAJIBU WANAOPINGA

Wako watakaosema: "Hiyo ni michezo ya watoto. Sisi tunataka elimu ya kweli."

Michezo ya watoto? Mwaka 1879 daraja la reli la mto Tay, huko Scotland, lilianguka usiku wa tufani pamoja na gari la moshi lililokuwa juu yake. Watu wakaogopa madaraja. Injinia Benjamin Baker alipokuwa akijenga daraja kubwa la Forth, mwaka 1887 aliwaonyesha wasikilizaji wake jinsi litakavyosimama. Alitumia nini? Viti viwili, fimbo, matofali na watu watatu. Wawili waliketi na kunyosha mikono, na kati yao akaning'inia wa tatu, Kaichi Watanabe, injinia kijana wa Kijapani. Kila aliyetazama alielewa mahali panapovutwa na mahali panapobanwa. Daraja lile lilifunguliwa mwaka 1890, na magari ya moshi yanapita juu yake mpaka leo.

Mwaka 1986 chombo cha Marekani cha kwenda angani, Challenger, kiliteketea na watu 7 ndani yake. Wakubwa walizungumza siku nyingi kwa maneno marefu. Mtaalamu Richard Feynman akachukua kipande cha mpira wa aina iliyofunga viungo vya chombo kile, akakibana, akakitumbukiza katika glasi ya maji ya barafu mbele ya tume yote. Kilipotolewa hakikurudi upesi katika umbo lake. Glasi moja ya maji ilisema kile ambacho makaratasi yalikuwa yakificha. Kama hiyo ni michezo ya watoto, basi na tupewe watoto wengi wa namna hiyo.

Wengine watasema: "Mtihani wa Serikali hauulizi habari za mchanga na kamba." Ni kweli kwamba mtihani unauliza maneno na hesabu. Lakini ni nani anayekumbuka neno vizuri: yule aliyelinakili, au yule aliyeliona likianguka mezani kwake? Tena tuwaulize: mmewapeleka watoto shuleni wafaulu siku moja ya mtihani, au waishi miaka hamsini baada yake? Mtihani ukiwa mbovu, utengenezwe. Haifai kumpogoa mtoto ili aenee katika kipimo kibovu.

Wako na wengine, nao hoja yao ni nzito kuliko zote, kwa hiyo tuisikilize kwa heshima. Wanasema: "Kazi ya mikono ndiyo waliyotupa wakoloni. Baba zetu walifundishwa kushika nyundo na kutii. Sisi hatukuwasomesha watoto ili warudi kwenye nyundo." Wazee wa Kambove wana haki ya kusema hivyo. Katika kambi za Union Minière mtoto wa mfanyakazi alifundishwa ili awe fundi chini ya Mzungu, na fundi huyo hakuambiwa sababu ya kazi yake. Chuo kikuu hakikufunguliwa Elisabethville mpaka mwaka 1956, na nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada za chuo kikuu walihesabika kwa dakika chache. Hilo ni jeraha, wala hatutalificha.

Lakini tazameni vizuri jeraha lilipo. Mkoloni alitupa nyundo akaficha hesabu. Sisi leo tunawapa watoto hesabu, tukaficha nyundo. Yeye aliukata mkono kutoka kwa kichwa. Sisi tumekikata kichwa kutoka kwa mkono. Mwili ni ule ule, na damu ni ile ile. Mfano tunaousifu hapa haumfundishi kijana kutii. Unamfundisha kuuliza: kwa nini? Fundi wa zamani aliambiwa, "Weka ubao hivi." Mwanafunzi wa leo aambiwe, "Uweke hivi, kisha vile, upime, uniambie ni upi ulio bora na sababu yake." Huo ndio mwanzo wa kuwa bwana wa kazi yako.

Tena mukuba haukuletwa na Mzungu. Karne nyingi kabla ya reli, mafundi wa nchi hii waliyeyusha mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakamimina misalaba ya mukuba iliyotumika kama fedha. Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyeongoza misioni ya Katanga, aliandika habari zao mwaka 1926. Waliitwa "wala mukuba". Walijifunza kwa kuona na kushika. Lakini tuseme na upande wa pili: kwa kuwa ujuzi wao haukuandikwa na kupimwa, wazee walipokufa sehemu kubwa ilizikwa pamoja nao. Kwa hiyo mkono bila daftari unapotea, na daftari bila mkono linakuwa kelele.

Wa nne watasema: "Tungoje maabara. Mfadhili ameahidi." Ngojeni basi! Maabara ikija, tutashukuru. Lakini mara nyingi vyombo vya ghali vinapokuja hufungiwa kabatini, ufunguo ukakaa kwa mkuu, kwa hofu ya kuvunjika. Chombo kisichoweza kuvunjwa na mwanafunzi hakimfundishi mwanafunzi. Chupa tupu ikivunjika, kesho italetwa nyingine.

Na wa mwisho, vijana wenyewe, watasema: "Siku hizi simu inaonyesha yote." Simu ni kitu kizuri, nasi hatuikatazi, mwalimu mwenye akili ataitumia kutafuta mifano mipya. Lakini picha katika simu humtii aliyeitengeneza. Mchanga humtii nani? Mchanga ukikosea kuupanga utaanguka, hata kama baba yako ni mkubwa wa mji. Kukataliwa na kitu chenyewe ndiko kunakomfanya mtu kuwa injinia.

MFANO NAO UNA MPAKA WAKE

Sasa tuwageukie wale wanaotuunga mkono kwa furaha nyingi mno. Mfano mdogo unaweza kudanganya. Mwaka 1638 Galileo aliandika jambo ambalo kila mwalimu wa ufundi alijue. Ukikuza kitu mara 10 kwa urefu, upana na kimo, uzito wake unaongezeka mara 1,000, lakini eneo la mkato wa nguzo zake linalobeba mzigo linaongezeka mara 100 tu. Kwa hiyo kila sentimeta ya mraba ya nguzo inabeba mzigo mara 10 kuliko mwanzo. Daraja la njiti linalosimama mezani si ushahidi kwamba daraja la magogo litasimama mtoni.

Ndiyo sababu mfano bila hesabu ni nusu ya somo. Kila kielelezo na kiishie katika daftari: tulipima nini, tulipata ngapi, tulitazamia ngapi, kwa nini hazikulingana. Mwalimu anayeonyesha maajabu, watoto wakapiga makofi, kisha wakaenda zao, huyo amefungua sinema tu. Na mwanafunzi asiachiwe kutazama kwa mbali: vikundi vya watu watano, kila kikundi na bakuli lake, kila mtu na kazi yake.

NI NANI AANZE?

Tukiuliza hivyo, kila mtu atamtazama jirani yake. Basi tuseme wazi.

Walimu waanze na somo moja kwa mwezi. Wawatume wanafunzi wenyewe kukusanya vitu. Watoto wa Katanga hutengeneza motoka za waya zenye magurudumu na usukani unaogeuka kweli, bila kufundishwa na mtu. Halafu wanapofika shuleni tunawaambia waziache mlangoni. Motoka ile ilipaswa kuingia darasani kabla ya mwenyewe!

Wakuu wa shule, hasa wa shule zetu za Kikatoliki, wakumbuke walikotoka. Wasalesiani wa Don Bosco walipofika Elisabethville mwaka 1911 walijulikana kwa karakana zao. Mkuu atenge chumba kimoja kisichofungwa kwa kufuli, chenye meza, ndoo, nyundo na sanduku la vitu vikuukuu. Naye mkaguzi ajapo asihesabu kurasa zilizonakiliwa tu. Aulize pia ni vitu gani vilivyopimwa.

Wazee mliofanya kazi Gécamines, mafundi wa pampu, wa umeme, wa reli, wa kuchenjua mawe, mnaoketi barazani Kambove na Likasi: ninyi ni maktaba yenye miguu. Parokia na iwaalike. Saa moja ya Jumamosi, mzee mmoja, kundi la vijana, na ndoo ya mchanga. Nani kati yenu hajamwona mwenzake akiangukiwa na ardhi? Semeni mnachokijua kabla hamjakwenda nacho.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani na nguo zenye matope akasema "tulikuwa na somo la uinjinia", msimpige wala msiende kumgombeza mwalimu. Mwulizeni: "Ukuta wako ulianguka kwa nini?" Akiweza kuwajibu, karo yenu haikupotea.

Nchi yetu sasa ni ya pili duniani kwa kutoa mukuba. Magari makubwa yanaondoka kila siku kwenda Kasumbalesa na kuvuka mpaka. Ndani yake mna mukuba na kobalti. Mainjinia wa migodi ile, wengi wao hutoka mbali. Watoto wetu wamesimama kando ya barabara wakila vumbi la magari hayo, huku daftari zao zimejaa maana za maneno. Mvua za mwaka huu zitakuja kama zilivyokuja mwaka jana, na kuta za mashimo hazitauliza nani alipata alama 8 juu ya 10. Mchanga upo mlangoni. Mwalimu, chukua bakuli.